MCHE MPYA HAUTAKI MAJI MENGI, UNATAKA MAJI MAHALI PAKE

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika)



Masika yanakwisha. Kila kihamba kimepata miche kutoka kitalu cha ushirika: kahawa, parachichi, mringaringa. Wengine wamesimika na masale mapya mpakani. Mashimo ya futi mbili kwa mbili tumechimba wenyewe, samadi tumebeba kichwani. Sasa unakuja ukavu wa Juni hadi Septemba, na vuli ikishapita kuna jua la Januari na Februari. Hapo ndipo miche hufa. Tukiiacha ife, jasho letu limekwenda bure na mwakani tutapanga foleni tena kitaluni.

Miche hii ya kahawa iliyotoka kwa watafiti wa TaCRI, pale Lyamungo, inahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini kiu haihimili.

Wako wanaosema, mfongo si upo? Tutafungulia maji usiku yatambae shamba zima. Jamani, hapa ndipo tunapogombana. Maji yakitambaa shamba zima, mengi yanaishia kwenye magugu, mengine yanateremka na udongo wetu wa juu. Mche wenyewe unapata kidogo. Na jirani wa chini, ambaye zamu ilikuwa yake, anaamka anakuta mfereji mkavu. Mifongo hii babu zetu waliichimba kwa mikono, wakaweka zamu. Hawakuweka zamu kwa sababu maji yalikuwa mengi.

Basi tushike haya:

1. Tujue mizizi iko wapi. Mche ukitolewa kwenye kiriba, mizizi yote imo ndani ya lile donge la udongo, na donge hukauka upesi kuliko udongo wa pembeni. Majuma ya mwanzo maji yaende hapo hapo kwenye donge, lita 2 au 3, siku moja unamwagilia, siku moja unapumzika. Mvua ikinyesha vizuri, acha.

2. Mwezi ukipita, panua duara, maana mizizi imeanza kutoka. Mwaga polepole lita 10 kwa mche mara moja kwa juma. Jua likiwa kali, mara mbili. Kikombe kimoja kila siku ni kuudanganya mche. Maji yanabaki juu, mizizi nayo inabaki juu, jua likija linaikausha.

3. Sisi tunakaa mteremkoni. Kila mche uwekewe ukingo wa udongo upande wa chini, mfano wa mwezi mchanga, ili maji yasimame yazame.

4. Funika udongo kwa majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisioze wala mchwa wasilipande.

5. Pima kwa kidole kabla ya kumwaga. Fukua kidogo pembeni, ingiza kidole chote. Kukiwa na unyevu, ondoka na ndoo yako. Manyunyu ya Julai yanalowesha shati tu, chini kunabaki pakavu. Na jani la njano sio lazima liwe kiu: mche uliozamishwa kwenye tope nao hugeuka njano, kwa kuwa mizizi inakosa hewa.

6. Saa ya kumwagilia ni asubuhi mapema au jioni. Mchana jua linakunywa kabla ya mche.

Tupige hesabu pamoja. Mwenye miche 20, kwa lita 10 kila mmoja, anahitaji lita 200 kwa juma. Hilo ni pipa moja. Pipa moja unalijaza ndani ya zamu yako bila kumwibia mtu. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yanafaa. Yenye sabuni nyingi au mafuta usiyapeleke. Aliye mbali na mfongo atoboe tundu dogo kitakoni mwa chupa ya plastiki, aichimbie karibu na mche na kuijaza. Itadondosha yenyewe.

Kazi hii sio ya maisha. Masale yakishashika hayadai tena. Kahawa na miti tuitunze hivyo kwa kiangazi cha miaka miwili ya mwanzo, mizizi ikishafika chini itajitafutia.

Yamebaki mawili. La kwanza, wako wazee na wajane wasio na mtu wa kuwabebea maji. Kila balozi awaandike walio kwenye shina lake, na vijana wagawane siku. Mche wa mjane ukifa, ni mche wa ushirika umekufa.

La pili, zamu. Aliyechukua maji ya mwenzake anajijua. Asingoje kuitwa barazani. Sale analo mpakani kwake. Achume jani, alipeleke kwa jirani kama tulivyofundishwa na wazee, yaishe. Kisha arudi kwenye pipa lake.

Ushirika ni nguvu.

(Imebandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakufika mkutanoni. Anayejua kusoma amsomee jirani.)