Kipimo cha Haki kwa Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Wengi mnajua kwamba mimi ni mtumishi wa serikali upande wa elimu, na wengine mmezoea kunitania kwa kuniita "bwana mitihani". Ni kweli nasimamia mitihani, lakini mitihani yangu haina bahasha ya siri, haina namba ya mtahiniwa, wala hakuna askari anayekaa mlangoni. Nasimamia upimaji wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili, hasa wale ambao karatasi ya kawaida haiwezi kutueleza wanajua nini.

Kabla sijaendelea, sina budi kuungama jambo moja. Tulipokuwa hapa katika miaka ya tisini, matokeo ya muhula yalibandikwa ubaoni, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeshika mkia aliitwa "zezeta" bweni zima mpaka muhula mwingine. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo. Hatukuwa na chuki naye. Tuliamini tu kwamba ile orodha ubaoni ndiyo akili yenyewe, na kwamba asiye na nafasi kwenye orodha hana akili. Nilitoka hapa na imani hiyo, nikaenda nayo Chuo Kikuu, nikarudi nayo kazini. Ilichukua miaka mingi kunitoka, na mtu aliyenitoa hakuwa profesa.

Ndugu Mwenyekiti, sisi wa Dodoma hatuna sababu ya kuona elimu ya wenye ulemavu kuwa jambo geni. Shule ya wasioona ya Buigiri, hapo barabara ya Morogoro, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, nayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu maalumu katika nchi yetu. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoundwa mwaka 1973, tayari walikuwapo watoto waliokuwa wakisoma kwa vidole. Leo mtahiniwa asiyeona huandaliwa karatasi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa. Huongezewa pia muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hiyo ni haki, wala si upendeleo.

Lakini angalieni tofauti iliyopo. Kwa mtoto asiyeona tunabadili maandishi, swali linabaki lile lile. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili ulio mkubwa, hata ukimpa siku nzima na maandishi makubwa kama bango, swali lenyewe halimfikii. Wapo wenye ulemavu wa akili ulio mdogo wanaofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi pamoja na wenzao, na wasinyimwe nafasi hiyo. Ninaowazungumzia ni wale wengine. Kwao inabidi kubadili swali. Badala ya kuuliza, "Unajua wanachojua wenzako?" tunauliza, "Leo unaweza kufanya nini ambacho muhula uliopita hukuweza?"

Kazi hii hufanyika hivi. Katika kitengo, yaani darasa lao ndani ya shule ya msingi, mwalimu humwekea kila mtoto mpango wake mwenyewe. Kazi moja hugawanywa katika hatua ndogo ndogo. Kunawa mikono, kwa mfano, kuna kumimina maji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kukausha. Katika kila hatua mwalimu huandika mtoto amefanya vipi: mwenyewe, kwa kuambiwa, kwa kuonyeshwa, au kwa kushikwa mkono. Huandika tarehe na mahali. Karatasi hizo pamoja na vitu alivyovitengeneza mtoto huwekwa katika mkoba wa kazi. Mimi hupita kukagua mikoba hiyo na kutia sahihi. Na hapo penye sahihi ndipo nilipokosea.

Katika kijiji kimoja cha mkoa wetu alikuwapo msichana wa miaka kumi na minne, asiyesema. Katika sehemu ya matumizi ya fedha mwalimu wa zamani alikuwa ameandika "hawezi". Nilitia sahihi. Mwaka uliofuata ikaandikwa tena "hawezi", nikatia sahihi tena. Mara zote mbili mikoba ililetwa ofisini, nami niliipitia mezani kama mtu anayepitia hati za malipo. Mtoto mwenyewe sikumwona.

Mwaka wa tatu alikuja mwalimu mpya, mama mtu mzima. Akakataa kuleta mkoba ofisini, akaniomba nifike mwenyewe. Nikafika. Tulianza darasani. Alimwekea yule binti fedha za kadibodi na picha ya pakiti ya chumvi. Binti akatazama dirishani. Nikatoa kalamu. Mwalimu akaniambia kwa adabu, "Afisa, naomba usiandike kwanza. Tutoke nje kidogo."

Tukavuka barabara mpaka dukani. Mwalimu akampa binti noti ya shilingi 1,000, akamwonyesha pakiti tupu ya chumvi, kisha sisi tukasimama mbali chini ya mti. Chumvi ilikuwa shilingi 500. Binti akainyooshea kidole, akatoa noti, akapokea chumvi. Mwenye duka alikuwa akizungumza na mteja mwingine, akamwekea mkononi sarafu ya 200. Binti akaitazama ile sarafu, na mkono hakuufumba. Aliendelea kuunyoosha vile vile, kimya, mpaka yule bwana akageuka, akacheka, akamwongezea 300. Hapo ndipo alipofumba mkono na kurudi kwetu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshika karatasi yenye sahihi yangu mbili chini ya neno "hawezi".

Mwalimu hakunisuta, lakini alinieleza jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Kwa sababu ya neno lile, kwa miaka miwili binti hakufundishwa fedha hata kidogo. Alipewa rangi achore pamoja na wadogo. Na mama yake, ambaye zamani alikuwa akimtuma dukani, aliacha kumtuma. Alisema kama serikali imeandika hawezi, yeye ni nani abishe? Kumbe serikali hiyo ilikuwa mimi, na nilikuwa sijaondoka kwenye kiti.

Sikuandika "anaweza" siku ile ile, maana kosa haliponywi kwa kosa. Tulikubaliana apimwe tena siku nyingine, katika duka jingine, kisha siku ya gulio. Katika duka la pili alifanya vizuri. Kwenye gulio, penye kelele na msukumano, alipokea chenji pungufu akaondoka nayo. Basi tukaandika kweli yote: "Dukani anaweza mwenyewe. Penye watu wengi anahitaji mtu wa karibu." Sentensi hizo mbili zilimpa mwalimu kazi ya muhula mzima, na mama akapata sababu ya kuanza tena kumtuma mwanawe.

Naomba msidhani kwamba hatari iko upande wa ukali tu. Katika kitengo kingine nilikuta karatasi nzuri yenye jina la mvulana, imeandikwa kwa herufi zilizonyooka. Mkobani imeandikwa: "Anaandika jina lake." Nilipomwomba aandike mbele yangu, mwalimu akaushika mkono wake na kuuongoza. Mwalimu yule hakuwa mwongo. Alimpenda mtoto na alitaka asionekane wa mwisho. Lakini mwalimu anayempokea mtoto huyo mwaka unaofuata ataanza na sentensi, naye mtoto hajui hata kushika kalamu. Huruma ya namna hiyo humwacha mtoto njiani sawasawa na dharau. Tuliandika, "Kwa kushikwa mkono," na tukaanza na kalamu.

Wenzetu nao wamepita njia hii. Marekani ilirekebisha sheria yake ya elimu ya wenye ulemavu mwaka 1997, ikayataka majimbo yawe na upimaji mbadala kwa watoto wasioweza mtihani wa kawaida. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kuwaacha nje ya hesabu kabisa. Baadaye ikazuka hofu nyingine, kwamba shule zitawasukuma humo wanafunzi wote dhaifu ili matokeo yao yapendeze. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2015 ikaweka kikomo: wanaopimwa kwa njia hiyo wasizidi asilimia moja ya wanafunzi wote wanaopimwa katika somo husika. Hapo jirani, Kenya imetengeneza njia ya masomo ya hatua kwa hatua kwa watoto hawa, na baraza lao la mitihani linayo tathmini yao inayoitwa kwa kifupi KILEA. Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki yao ya elimu. Lakini sheria haiwezi kuvuka barabara kwenda dukani. Lazima avuke mtu.

Sasa nije kwenye maombi yangu, kwa maana sikuja kusimulia tu.

Kwanza, kwenu ninyi wanafunzi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wapo waliolalamika. Mimi nawaomba mfanye hivyo hivyo bwenini: liacheni neno "zezeta". Someni kwa bidii, shindaneni, shikeni nafasi ya kwanza. Lakini mjue kwamba orodha ya ubaoni inapima kitu kimoja tu kati ya vingi.

Pili, kwa wenzangu wenye shughuli zenu. Humu ndani wamo wenye maduka, mashine za kusaga, karakana za useremala, na mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi. Mtoto asiyeweza kuhesabu picha za zabibu huenda akajaza kreti bila kuponda hata tunda moja, lakini hatutajua mpaka apate shamba la kujaribiwa. Naomba kila mwenye nafasi aandikishe jina lake kwa Katibu wa Umoja kabla hatujatawanyika, akubali kuupokea mkoba wa mtoto mmoja pamoja na mwalimu wake, asubuhi moja kwa juma. Siombi fedha. Naomba mahali pa kweli pa kupimia.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima. Katika watu wengi kiasi hiki, hapakosi mzazi mwenye mtoto wa namna hii nyumbani ambaye hajamtaja hata kwa rafiki zake. Ndugu yangu, usingoje mtoto apone ndipo umpeleke shule. Mpeleke aandikishwe. Na mwalimu akikuletea karatasi inayosema "hawezi", muulize: alipimwa lini, alipimiwa wapi, na aliyetia sahihi alikuwapo? Ukinikuta ofisini, niulize mimi mwenyewe maswali hayo.

Siku hizi sitii sahihi mkoba wa mtoto ambaye sijamwona. Kazi imekuwa ya polepole, na wakubwa wangu huniuliza mbona taarifa zinachelewa. Huwajibu kwamba vijiji vyetu viko mbali, na barabara za masika mnazijua.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Daftari la majina liko kwa Katibu, pale mlangoni.