Gari Linapokwama Mchangani

Leo twawaalika tusafiri pamoja kwa mawazo mpaka magharibi ya bara letu, katika nchi ya Namibia. Huko kuna pwani iitwayo Skeleton Coast, yaani Pwani ya Mifupa. Sisi wa Kenya tukisikia neno pwani, twafikiri minazi na maji ya vuguvugu. Hiyo si hivyo. Bahari yake ni baridi, na ukungu mzito huifunika nchi kavu ambayo ni jangwa tupu. Mifupa ya nyangumi na mabaki ya meli ndiyo iliyoipa jina.

Hata hivyo wako waume na wake wanaopakia hema garini na kwenda kuiona. Tuwafuate wawili wa namna hiyo. Watoka mji wa Swakopmund wakielekea kaskazini. Sehemu ya barabara yao imeshindiliwa kwa maji ya chumvi. Ikikauka huwa ngumu kama lami, lakini ukungu ukiishukia huteleza kama sabuni. Baada ya kilometa zipatazo 120 wafika Cape Cross, ambako Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba wa jiwe mwaka 1486, na ambako sili hulala kwa maelfu ufukoni. Mbele zaidi, kwenye mto Ugab, liko lango la hifadhi, nalo limechorwa fuvu la kichwa. Maji, chakula na gurudumu la akiba sharti wawe navyo kabla ya kulipita.

Sasa tufike pale ambapo safari nyingi huharibika. Gari laacha barabara kidogo tu, lazama mchangani. Mume akanyaga mafuta. Kadiri magurudumu yanavyozunguka, ndivyo yanavyojichimbia. Mke asema, "Si nilikuambia usipite hapa?" Mume ajibu kwa ukali, akanyaga tena. Sasa vimekwama vitu viwili: gari na ndoa.

Wanaolijua jangwa hufanya kinyume. Huzima injini. Hupunguza upepo wa magurudumu mpaka yalegee na kutanda juu ya mchanga. Huchimba mbele ya kila gurudumu, kisha hutoka polepole. Wakifika penye ugumu, hujaza upepo tena.

Nguvu peke yake haikufaa huko hata zamani. Tarehe 29 Novemba 1942, meli ya Kiingereza Dunedin Star, yenye watu 106, iliharibika karibu na pwani hiyo. Watu 63, wakiwamo wanawake na watoto, walifikishwa ufukoni kabla ya mashua yao kuharibika. Ndege ya vita ikatua kuwaokoa. Magurudumu yake yakazama, isiweze kuruka. Meli ndogo iliyokwenda kusaidia ikavunjika, na mabaharia wake wawili wakafa maji. Malori kutoka Windhoek yalikwama mara nyingi, watu wakayachimbua siku baada ya siku, hata wakawafikia waliosalia ufukoni. Wote 106 waliokoka. Ndege yenye nguvu ilishindwa. Wenye kuchimba kwa saburi walifika.

Ndugu zangu, mchanga wa nyumbani twaujua: fedha haitoshi, wakwe wana maneno, mtoto amefukuzwa shule. Twafanya nini? Twakanyaga mafuta. Sauti yapanda, mlango wabamizwa, na kila neno lachimba shimo zaidi. Upepo unaotakiwa kutolewa ni kiburi. Kuupunguza si kushindwa, kwa maana gari lililopunguzwa upepo ndilo linalotoka.

Tena angalieni: upepo hutolewa katika magurudumu yote manne. Wako waume wanaotaka mke peke yake anyenyekee. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso, kabla hajasema neno kwa wake wala kwa waume, aliwataka wote wanyenyekeane. Wala tusisahau kujaza tena. Aliyejishusha arudishiwe heshima yake. Asikumbushwe kesho mbele ya watoto kwamba jana aliomba radhi.

Basi, nawe unayetusikiliza huku mwenzako yuko chumba cha pili na hamjasemezana tangu juzi, usingoje yeye aanze. Zima injini kwanza. Kisha nenda, mkachimbe pamoja.

Bwana awabariki. Kwaherini.