Asiye na Simu Janja Naye ni Mkazi



Zamani mtu akifariki katika vilima vya Kisii na Nyamira, kilio kilivuka bonde na majirani wakaacha majembe. Waliokuwa mbali kidogo walipata habari kanisani, Jumamosi kwa Waadventista na Jumapili kwa Wakatoliki, au redioni kwa Ekegusii. Siku hizi mwili haujafika mochari na kikundi cha WhatsApp tayari kimefunguliwa. Kina mwenyekiti, mweka hazina, nambari ya kutuma mchango, na orodha inayorefuka kila saa: fulani ametoa mia tano, fulani ameahidi elfu mbili.

Hilo si baya. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kijana wa Nyamache anayefanya kazi Nairobi hutoa mchango wake bila kungoja mtu wa kusafiri na bahasha. Hata jamaa walioko Minnesota hushiriki usiku huohuo. Bili ya mochari inalipwa mapema, na hesabu inaonekana na wote. Bahasha haikuwa na uwazi huo, na wapo walioipendea hivyo.

Shida iko kwa aliyebaki nyumbani. Chukua mfano wa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye kabambe ya kupiga simu na kupokea pesa, basi. Kaka yake amefariki upande wa pili wa Keroka. Usiku wa kwanza alifika matangani na mkungu wa ndizi na gorogoro mbili za mahindi, akaambiwa mazishi ni Ijumaa. Baadaye kikundi kikajadiliana hadi usiku wa manane, tarehe ikarudishwa nyuma hadi Alhamisi. Hakuna aliyemficha. Kila mmoja alidhani mwingine amempigia. Ijumaa asubuhi mama anafika na leso yake begani, anakuta udongo mbichi.

Tena jina lake halimo katika orodha ya mchango, na wapo wanaolisoma pengo hilo kama ukaidi. Orodha ya simu haina mahali pa kuandika ndizi.

Mambo mengine ya kijiji yamefuata njia hiyohiyo: mkutano wa wazazi, zamu ya maji, habari za bonasi ya majani chai, baraza la chifu. Matangazo ya kaunti nayo yamo. Bango la kikao cha wananchi hupigwa picha na kusambazwa, lakini picha hiyo haifunguki kwenye kabambe, wala kwenye simu janja iliyoishiwa na bando. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapate habari kwa wakati. Haikusema wananchi wenye bando. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kikao kikishapita, barabara au zahanati ambayo haikutajwa itasubiri mwaka mwingine.

Kazi ya kurekebisha hili ni ndogo. Katika kila kamati ya mazishi, mtu mmoja apewe majina ya jamaa wasiomo kikundini, na tarehe ikibadilika awapigie yeye mwenyewe, asiishie kuandika "wote wamejulishwa". Mchango wa chakula uandikwe kama wa pesa. Ujumbe mfupi wa kawaida bado hufika kwenye kabambe, na tangazo linalosomwa kanisani kwa Ekegusii humfikia hata asiye na simu kabisa. La baraza libandikwe sokoni na kwenye ofisi ya chifu.

Kwa vikao vya bajeti, wazee wa vijiji wanazijua nyumba zisizo na simu janja. Waziandike sasa, na kila tangazo likitoka, nyumba hizo zipitiwe siku kadhaa kabla ya kikao, si asubuhi ya siku yenyewe wakati watu wameshaenda kuchuma chai.