Hema Dogo Hutaka Hewa

Hotuba hii ilisomwa mbele ya vijana waliokuwa wakijiandaa kupanda Mlima Kenya. Twaipiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.



Nimeombwa kusema nanyi juu ya hema, yaani lile hema dogo jepesi ambalo mtu aweza kulibeba mgongoni pamoja na chakula chake. Huenda mmoja wenu anajiuliza kuna neno gani la kufundishwa katika hema. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka nilipolala usiku mmoja upande wa Sirimon, juu ya mwisho wa msitu. Mvua ilinyesha tangu magharibi. Kwa kuogopa baridi nilifunga zipu zote, nikaziba kwa nguo kila tundu la kupitishia hewa, nikalala nikijisifu. Usiku wa manane niliamka mfuko wangu wa kulalia umelowa na matone yakiniangukia usoni. Nilimlaani mwenye duka aliyeniuzia hema bovu.

Kulipokucha nilikagua kitambaa chote, nisione tundu hata moja. Maji yale hayakutoka mawinguni, bali yalitoka kinywani mwangu. Pumzi ya mtu ina unyevu, na ikigusa kitambaa chenye baridi hugeuka kuwa maji, kama vile mvuke wa sufuria ugeukavyo maji chini ya kifuniko. Mwenye duka nilimwonea bure.

Basi mtakapochagua hema, jambo la kwanza ni kutafuta lenye vitambaa viwili: la ndani, jepesi, lenye wavu wa kuzuia wadudu, na kifuniko cha nje kisichopitisha maji. Katikati yake uwepo mwanya wa kupitisha hewa. Maji ya pumzi yatashika kifuniko cha nje na kutiririka hadi chini, wala hayatakufikia. Mahema ya kitambaa kimoja ni mepesi zaidi, lakini kwa milima yetu yenye ukungu na mvua siyapendi.

Zamani hema la turubai la watu wawili lilikuwa mzigo wa mpagazi mzima. Siku hizi yapo mahema ya kilo 2, na hata pungufu. Wepesi huo una gharama yake. Kitambaa chembamba huchanika upesi, na jua letu la Ikweta hukila polepole, hasa kikiwa cha nailoni. Kwa hiyo msiache hema limesimama juani siku nzima bila sababu. Tena nailoni ikilowa hulegea, na yakupasa utoke usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei sana. Kwa fito, afadhali za alumini kuliko zile za nyuzi za kioo, ambazo hupasuka na kuchoma vidole.

Msidanganywe na maneno “watu wawili” yaliyoandikwa juu ya mfuko. Maana yake ni watu wawili waliobanana bega kwa bega, na mizigo yao mahali pengine. Ingieni ndani, mlale chali palepale dukani. Mwenye duka akicheka, na acheke. Na anayenunua katika soko la mitumba anuse kitambaa, kisha apapase upande wake wa ndani: kikinata mkononi na kutoa harufu mbaya, ule utando wa kuzuia maji umekwisha kuoza. Atazame pia utepe uliobandikwa juu ya mishono, kama haujabanduka.

Hema jipya lisimamisheni nyumbani kwanza. Mtu anayelifungua kwa mara ya kwanza gizani, vidole vimekufa ganzi, atalia machozi. Mlimani msichague bondeni kabisa, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito nayo hushuka na kutuama huko usiku; wala msilale katika mkondo wa maji uliokauka, kwa maana mvua yaweza kunyesha mbali nanyi na maji yakawafikia mkiwa usingizini. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo. Vigingi vipigwe kwa kulala, vichwa vikiinama mbali na hema, na kila kamba ivutwe mpaka kitambaa kisipigepige. Kisha mfungue kidogo matundu ya juu. Ndiyo, baridi itaingia. Vaeni kofia.

Sasa nafika kwenye neno lililonileta hapa. Usiku wa pili wa safari ile tulikuwa karibu na kimo cha mita 4,200, mahali ambapo maji hugeuka barafu usiku. Mwenzetu alikuwa na jiko la makaa, akasema, “Makaa yamekwisha kuiva, hayana moshi tena, tuliingize ndani tuote.” Sote tulikubali. Mzee aliyekuwa akituongoza alikuja, akalishika jiko kwa kitambaa, akalitoa nje bila kutuomba ruhusa. Alisema tu, “Wanangu, moshi usioonekana ndio mbaya.”

Mzee alisema kweli. Makaa yanayong’aa bila moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hukosa hewa hali anapumua. Hema dogo lililofungwa halihitaji makaa mengi kuwa kaburi. Jiko la mafuta au la gesi nalo lina hatari hiyohiyo, pamoja na ya moto, maana vitambaa hivi huyeyuka na kushika mwilini.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Sikilizeni vema hapa: dalili hizo ndizo pia za ugonjwa wa kimo, unaowapata wengi wapandao upesi kwenda Lenana, kwenye mita 4,985. Kwa hiyo watu walio ndani ya hema lenye jiko huambiana, “Ni mlima tu, lala utapona.” Mwenzenu akilalamika hivyo, msikae kubishana ni lipi. Mtoeni nje mara moja, apate hewa safi. Na wote mliokuwa naye mtoke. Mkiona amechanganyikiwa, au hawezi kutembea sawasawa, msingoje kupambazuke. Mshusheni usiku uleule, na hema liacheni huko.