Watu Walio Nyuma ya Mkate: Habari za Duka la Primanti la Pittsburgh

(Hotuba ya halmashauri ya elimu katika mkutano wa wanachama wa tawi, wafanya kazi wa mahoteli na nyumba za chakula)



Sisi wa halmashauri ya elimu tumepewa nusu saa, nasi hatutaki kuipoteza kwa salamu ndefu. Wanachama wa jikoni walituuliza swali: "Kila siku twaambiwa historia ya wafanya kazi wa bandari, wa reli na wa viwanda. Je, sisi tunaopika na kupakua tuna historia gani?" Swali hilo ni la haki. Tumeona tulijibu kwa kueleza habari za duka moja la chakula. Duka lenyewe li mbali, huko Marekani, lakini mkisikiliza mtaona kwamba mambo yake si mageni kwetu hata kidogo.

Duka hilo ni la sandwichi, yaani mkate uliokatwa na kutiwa nyama katikati. Jina lake ni Primanti Brothers, maana yake ndugu wa ukoo wa Primanti, na lilianza katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mji ule ulijulikana dunia nzima kwa chuma. Kando ya mto Allegheny uko mtaa uitwao Strip District, na zamani huo ndio uliokuwa soko la jumla la mboga na matunda. Mabehewa ya reli na malori yaliingia usiku, wachukuzi wakapakua, na kabla ya jua kutoka wenye maduka walikuwa wamekwisha nunua bidhaa zao. Ndugu zetu wa Nairobi waijuao Marikiti, saa malori ya viazi yanapofika kutoka Kinangop, wanaelewa tunasema nini. Hata wa Mombasa waijuao Kongowea wanaelewa.

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katika dhiki kuu. Karibu mtu mmoja katika kila wanne waliotaka kazi hakuwa nayo. Wakati huo Joe Primanti alianza kuuza sandwichi katika mtaa ule, kwa gari dogo la chakula. Baadaye nduguze Dick na Stanley wakaingia kazini pamoja naye, wakafungua chumba kidogo katika barabara ya 18. Mpishi alikuwa mpwa wao, John DePriter. Saa zao za kazi zilikuwa tangu saa tisa za usiku mpaka saa tisa za mchana. Hawakuchagua saa hizo kwa kupenda kukosa usingizi. Walizichagua kwa kuwa ndizo saa ambazo madereva na wachukuzi walikuwa na njaa.

Sasa sikilizeni jinsi chakula chao kilivyokuwa. Katika nyumba nyingi za chakula mteja huletewa mkate sahani moja, viazi vya kukaanga pembeni, na kabichi ya siki katika bakuli. Pale kwa Primanti vyote vilitiwa ndani ya mkate: nyama, jibini, viazi, kabichi na nyanya, kisha mkate ukafungwa katika karatasi ya nta. Sahani hapana. Ziko hadithi mbili za sababu yake. Moja yasema ni kwa ajili ya dereva, apate kula kwa mkono mmoja huku mkono wa pili uko kwenye usukani. Ya pili aliisimulia DePriter mwenyewe. Alisema kwamba mtu mmoja alifika na shehena ya viazi katika baridi kali, akaleta vichache jikoni apate kujua kama vimeganda. DePriter akavikaanga, akaviona ni vizima. Wateja waliokuwa wakingoja wakaviomba, naye akaviweka juu ya sandwichi zao. Mtaona kwamba katika hadithi zote mbili mwanzo wa jambo ni mtu wa kazi: dereva mwenye haraka, mchukuzi mwenye njaa, mpishi mwenye akili ya kutumia alicho nacho.

Basi, ni nani walio nyuma ya mkate ule? Twawahesabu mafungu manne.

La kwanza ni wale walioula. Duka la chakula cha wafanya kazi haliwezi kusimama kama wafanya kazi hawana kitu mfukoni. Hapa historia ya chuma na historia ya jikoni zinakutana. Mwaka 1892, huko Homestead karibu na Pittsburgh, wafanya kazi wa chuma walifungiwa nje ya kiwanda. Kampuni ikaleta askari wa kukodiwa wapatao 300, watu wakapigana, wakafa watu wasiopungua 10. Chama kikashindwa, na kwa miaka mingi baadaye viwanda vikubwa vya chuma havikutaka kusikia neno la chama. Ikaja sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanya kazi haki ya kujiunga na chama na kujadiliana na tajiri. Tarehe 2 Machi 1937 kampuni kubwa ya U.S. Steel ikatia sahihi mapatano na chama cha chuma: dola 5 kwa siku, na juma la saa 40. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya nchi ikakubali kwamba sheria ile ya 1935 ni halali, katika kesi ya kampuni nyingine ya chuma, Jones & Laughlin, iliyowafukuza wafanya kazi 10 wa kiwanda cha Aliquippa. Tangu Homestead mpaka mapatano yale ilikuwa miaka 45. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1892 alikuwa mzee mwaka 1937. Wenye duka wa Pittsburgh, hata wasiowahi kuhudhuria mkutano wa chama, waliuza chakula kwa watu waliokuwa wamepata mshahara kwa kupigania.

La pili ni mpishi. Tumemtaja DePriter kwa jina kwa sababu jina lake limeandikwa. Lakini ni jikoni ngapi ambamo mtu amebuni chakula kinachouzwa miaka mingi, na jina lililo juu ya mlango ni la mtu mwingine? Yeye alikuwa mpwa wa wenye mali, na kwa hiyo alikumbukwa. Mpishi asiye na ujomba na tajiri hukumbukwa na nani? Kama hatuandiki sisi wenyewe habari za kazi yetu, hakuna atakayeziandika.

La tatu ni wenye duka. Hatutaki kuwadharau. Watu waliofungua mlango saa tisa za usiku katika mwaka wa dhiki ni watu wa kazi nao. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya zamani za ndugu wale, duka lilinunuliwa na Jim Patrinos. Yeye ndiye aliyeanza kuongeza matawi, hata jina likaenea mpaka majimbo mengine kama Ohio na West Virginia. Mwaka 2007 duka la kwanza lilipewa tuzo ya James Beard wapewayo wenye vyakula vinavyopendwa na watu wa mahali pao. Angalieni wakati. Miaka hiyohiyo duka lilipokuwa likikua, chuma kilikuwa kikifa. Kiwanda cha Homestead kilifungwa mwaka 1986. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 676,000 mwaka 1950 ulibaki na watu wapatao 305,000 mwaka 2010. Watoto wa wafua chuma walihamia miji mingine kutafuta kazi, na walipokuja nyumbani kusalimu wazee walitaka kula mkate ule. Chakula cha zamu ya usiku kikawa kumbukumbu ya mji. Tajiri mwerevu hujua kwamba kumbukumbu pia huuzika.

La nne, nalo ndilo linalotuhusu zaidi, ni wahudumu: wasimamao mbele ya moto, wakatao mkate, wafutao meza, waoshao masufuria. Duka likiwa moja, mwenye duka humjua kila mtu kwa jina, na mtu akiwa na shida humwendea. Maduka yakiwa mengi, mwenye mali yuko mbali na mhudumu hamwoni. Jambo lililokuwa likimalizwa kwa mazungumzo jikoni sasa hungoja barua kutoka ofisini. Hili si la Pittsburgh peke yake. Kila mahali nyumba ya chakula ikipata matawi, wema wa mtu hautoshi tena. Hapana budi kuwe na maandishi.

Nanyi mjue jinsi sheria ya Marekani ilivyowatendea watu wa jikoni. Mwaka 1938 nchi ile iliweka kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa. Wafanya kazi wa viwanda wakafurahi, lakini wa mahoteli na nyumba za chakula kwa jumla waliachwa nje. Waliingizwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1966, yaani miaka 28 baadaye. Tena walipoingizwa, waliingizwa kwa mlango wa nyuma: tajiri aliruhusiwa kuhesabu bahashishi ya mteja kuwa sehemu ya mshahara. Kwa sheria ya nchi nzima, mshahara wa tajiri kwa mhudumu wa bahashishi uliwekwa dola 2.13 kwa saa mwaka 1991. Jimbo la Pennsylvania liliweka dola 2.83, ambapo kima cha kawaida kilifika dola 7.25 mwaka 2009. Sheria yasema bahashishi isipofika, tajiri ajazie. Lakini ninyi mliowahi kudai senti za masaa ya ziada mwajua: haki ambayo mtu mmoja lazima aidai peke yake mbele ya anayempangia zamu ni haki nyembamba sana.

Kwa nini wafua chuma walipata mapema, na wapishi wakachelewa? Si kwa sababu chuma ni kizito kuliko sufuria. Wafua chuma walikuwa maelfu chini ya paa moja, na mlango wa kiwanda ulikuwa mmoja. Sisi tu watano hapa, wanane pale, kumi na wawili kule, na kila mmoja hudhani shida yake ni ya nyumba yake tu. Kutawanyika kwetu ndio udhaifu wetu, na dawa yake ni kutembeleana.

Wala tusiseme kwamba watu wale hawana uhusiano nasi. Tom Mboya alipozuru Marekani mwaka 1956, vyama vya wafanya kazi vya huko viliahidi dola 35,000 kusaidia kujengwa kwa Solidarity House, Nairobi, na leo katika jumba hilo ndimo makao ya COTU. Fedha ile ilitoka katika vyama vilivyojengwa kwa ada za watu kama wafua chuma wa Pittsburgh. Mtu aliyekula mkate wa viazi saa tisa za usiku kando ya Allegheny huenda senti yake imo katika tofali la Gikomba.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu hapa tumeandikwa kwa maneno ya mdomo. Wengine ni vibarua wa kila siku kwa mwaka wa tatu sasa. Sheria ya Kenya ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano ya maandishi. Yasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua jumla ya mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi. Sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya uhusiano wa kazi, yasema tajiri lazima akitambue chama ambacho wanachama wake ni zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuungana. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya mshahara wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Hatukosi sheria. Tunakosa majina kwenye karatasi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aandike siku aliyoanza kazi, siku alizofanya na fedha alizopokea. Daftari la shilingi chache limeshinda kesi nyingi. Pili, kila nyumba ya chakula ichague mtu mmoja wa kuonana na wenzake wa tawi jingine la tajiri yuleyule, ili kabla ya mkutano ujao tujue tuko wangapi. Tukipita nusu, tutaandika barua ya kutaka kutambuliwa. Tatu, wapishi watuletee habari zao: nani alianza kupika nini, mwaka gani, wapi. Tutazichapa katika gazeti hili kwa majina yao wakikubali, na bila majina wakiona hatari.

Ndugu wanachama, huko Pittsburgh wateja wakisoma orodha ya vyakula huona sandwichi ya nyama ya kusaga imeandikwa kuwa ya pili kwa kuuzika. Wakiuliza ya kwanza ni ipi, huambiwa ni bia. Mzaha huo ni mzuri nasi tumeucheka. Lakini katika hesabu za nyumba nyingi za chakula kipo kitu kingine kinachouzwa kila siku bila kuandikwa katika orodha, nacho ni usingizi wa mhudumu. Bei yake hatuwezi kumwachia mnunuzi aipange peke yake.

Karatasi za kuandikisha majina ziko mezani kwa Katibu.