Mchezo na Tafakari katika Chekechea za Kuresoi

Mchezo wa kubuni ndiyo kazi ya kwanza ya mtoto mdogo. Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, vifaa vyake haviuzwi dukani: udongo, magunzi, vifuniko vya chupa, hata viazi vinavyolimwa kuzunguka Keringet na Olenguruone. Anayefinyanga ng'ombe wa udongo hukuza misuli ya vidole atakavyoshikia penseli. Wanaocheza duka huhesabu, hupatana bei na hujifunza kungoja zamu.

Lakini mchezo peke yake hautoshi. Baadaye mwalimu huketi na watoto na kuuliza: "Mbona nyumba yako ilianguka? Kesho utaijengaje?" Hapo mtoto hukumbuka alichofanya, hutafuta sababu na kupanga upya. Maswali hayo yafaa yaulizwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kikalenjin au Kigikuyu, ili wazo lisikwame kwa kukosa neno.

Chekechea zina nafasi rasmi katika elimu: Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali, na mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, hutenga madarasa mawili ya awali, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Nyumbani nako, mzazi asimgombeze mtoto anayerudi na sare yenye udongo. Amuulize amejenga nini.