Mwenzi wa Njia ni Mwalimu

Bwana wetu aliwatuma mitume wake wawili wawili. Kwa nini hakumtuma kila mmoja peke yake? Milima yetu ya Usambara yatupa jibu.

Mwaka 1891 wamisionari wawili Wajerumani, Johanssen na Wohlrab, walianza kazi huko Mlalo, kaskazini ya Lushoto. Walikuja kufundisha, lakini iliwapasa kwanza kujifunza Kisambaa kutoka kwa wale waliowaendea. Mwaka 1907 Johanssen alipokwenda kuanzisha misheni nchini Rwanda, Wakristo Wasambaa waliandamana naye. Wasikiaji wa jana wakawa wapelekaji wa Injili, wakaacha nyumba na mashamba yao, wakawa wageni katika nchi ya mbali.

Nasi tunapotumwa kigangoni, tusiingie na maneno mengi na masikio machache. Mama anayetupikia na kijana anayetubebea mizigo si wasaidizi tu. Huenda Bwana amewaweka watufundishe uvumilivu na sala.

Juma hili tumwulize mwenzetu mmoja: "Umeona nini ambacho sisi hatujakiona?" Kisha tunyamaze, tumsikilize. Amina.